Je, ishara za bakteria wa utumbo zinaweza kuchochea saratani?

Swali: Baba yangu ana miaka 61. Amegundulika ana saratani ya utumbo mpana na anasubiri upasuaji. Nimesoma kwamba bakteria wa tumboni huzungumza wao kwa wao kwa kemikali, na kwamba kemikali hizo zinaweza kuifanya saratani isambae hadi kwenye ini. Tangu nisome hivyo sina amani. Je, ni kweli? Bakteria hao ndio waliomletea ugonjwa? Na je, tumpe antibiotiki ili wafe, au tumnunulie vidonge vya bakteria wazuri?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza, na mfikishie mzee pole zangu. Nianze na lile linalokutia hofu. Ni kweli bakteria huwasiliana kwa kemikali. Ni kweli pia kwamba baadhi ya kemikali hizo, zilipowekwa kwenye seli za saratani maabara au kudungwa panya, zilizifanya seli hizo zisambae kwa wepesi zaidi. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni mbali, na hakuna aliyeonyesha ndani ya mwili wa binadamu kwamba ishara hizi ndizo zilizoipeleka saratani ya mtu kwenye ini. Yapo mambo mengine kuhusu bakteria na saratani ya utumbo ambayo ushahidi wake ni mzito kuliko huu, ila watu huyasimulia yote kwa pumzi moja. Nitayatenga, kwa sababu uamuzi wa kumpa au kutompa mzee dawa unategemea hapo.

Tuanze na mazungumzo yenyewe. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walieleza tabia ya bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Wakiwa wachache kwenye chombo, chombo kinabaki giza. Wakishazaana na kufikia wingi fulani, wote wanawaka kwa pamoja. Siri yake ni kwamba kila bakteria hutoa molekuli ndogo nje ya mwili wake muda wote. Wakiwa wachache, molekuli hizo hutawanyika na kupotea. Wakiongezeka, molekuli hulimbikizana, zinarudi kuingia ndani ya bakteria wenyewe na kuwasha jeni ambazo zilikuwa zimelala. Wanabiolojia huliita jambo hili kuhisi akidi: kama ilivyo kwenye mkutano, hakuna uamuzi unaopita hadi idadi itimie. Akidi ikitimia, wapo wanaowaka, wapo wanaoanza kutengeneza sumu, na wapo wanaojijengea utando wa kunata ambao dawa hupenya kwa taabu.

Ishara zenyewe zina koo zake. Wanasayansi huwagawa bakteria makundi mawili, Gramu hasi na Gramu chanya, kwa jinsi ukuta wao unavyoshika rangi maabara. Wengi wa Gramu hasi hutumia molekuli zenye mkia wa mafuta, ziitwazo kwa Kiingereza acyl-homoserine lactones. Wale wa Gramu chanya hutumia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Ipo pia ishara iitwayo AI-2, inayotumiwa na makundi yote mawili. Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuifuatilia. Kwa hiyo ndani ya utumbo mpana, ambako bakteria ni wengi kuliko mahali pengine popote mwilini (makadirio ya mwaka 2016 yanampa mtu mzima bakteria takriban trilioni 38), mazungumzo hayo hayakatiki usiku na mchana.

Sasa, seli zetu zinahusikaje na maneno ya viumbe wengine? Hapa ndipo panaponivutia kuliko pengine pote, kwa sababu zinasikia, na zinasikia kwa njia zaidi ya moja. Ile molekuli yenye mkia wa mafuta haihitaji mlango. Ukuta wa seli ya binadamu nao ni wa mafuta, hivyo molekuli hupenya moja kwa moja hadi ndani. Seli nyingi zetu zina kimeng'enya kiitwacho PON2 ambacho huivunja ishara hiyo ikishaingia. Peptidi nazo hupita kwa njia nyingine. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba peptidi ya kuhisi akidi ya Bacillus subtilis huingia kwenye seli za utumbo kupitia OCTN2, protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kuingiza ndani ya seli kanitini, kitu kinachosaidia seli kutumia mafuta. Ikishaingia, huziamsha seli zitengeneze protini za kujikinga dhidi ya misukosuko. Zingatia hilo: katika mfano huu ishara ya bakteria iliilinda seli.

Niende sasa kwenye utafiti ambao nadhani ndio uliokutisha. Umefanywa na kundi la Bart De Spiegeleer na Evelien Wynendaele wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ambalo limezishughulikia peptidi hizi kwa miaka mingi. Bakteria aitwaye Enterococcus faecium hutoa peptidi ya amino asidi 25 (amino asidi ni matofali yanayojenga protini) ili kujua wenzake wako wangapi. Peptidi hiyo ikikatwa, hubaki kipande cha amino asidi 15, ambacho watafiti wamekipa jina la EntF*. Maabara, kipande hiki kilizifanya seli za saratani ya utumbo ziachane na tabia ya kushikamana na jirani zake, zikaanza kujipenyeza. Njia yake ni kipokezi kiitwacho CXCR4, na kipokezi hiki ni mashuhuri kwa wanaochunguza saratani. Kwa kawaida hupokea ishara ya mwili wetu wenyewe, ishara inayotolewa kwa wingi na viungo kama ini, mapafu na uboho, na seli za saratani zenye CXCR4 nyingi huelekea kuifuata hadi huko. Kwa maneno mengine, kipande cha bakteria kimegonga kengele ambayo saratani tayari ilikuwa ikiisikiliza.

Mwaka 2022 kundi hilo lilichapisha jaribio la panya. Seli za saratani ya utumbo wa binadamu zilipandikizwa kwenye utumbo wa panya, kisha baadhi ya panya wakadungwa EntF*. Waliodungwa walipata saratani iliyosambaa zaidi, hasa kwenye ini. Na kipande hicho kilikutwa pia kwenye damu ya panya wazima ambao hawakudungwa chochote, kwa hiyo kuvuka kutoka utumbo hadi damu kunawezekana.

Ni kazi nzuri, na mimi naichukulia kwa uzito. Ila itazame kwa karibu. Seli za binadamu hazishiki kwa panya mwenye kinga kamili, kwa hiyo majaribio ya namna hii hutumia wanyama wenye kinga pungufu, ilhali kwa binadamu kinga ndiyo mchezaji mkuu. Peptidi ilidungwa, wakati ndani ya mgonjwa ingepaswa kutengenezwa na bakteria, kukatwa, kuvuka ute na ukuta wa utumbo, kisha kuifikia seli ya saratani ikiwa bado na nguvu. Na bakteria mwenyewe, Enterococcus faecium, anaishi kwenye utumbo wa watu wengi wasio na ugonjwa wowote.

Kuna jambo jingine kuhusu bakteria huyu ambalo ningependa ulishike. Mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, ulimkuta Enterococcus faecium miongoni mwa bakteria waliokuwa wengi zaidi kwa wagonjwa ambao tiba ya kuamsha kinga iliwafaa. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwa panya sababu mojawapo: spishi hiyo ina kimeng'enya kinachokatakata ukuta wa bakteria na kutoa vipande vinavyoiamsha kinga ipambane na uvimbe. Bakteria yule yule ana peptidi moja inayoonekana kuisaidia saratani na vipande vingine vinavyoonekana kuisaidia kinga. Ukiniuliza ni adui au rafiki, nitakuuliza yuko wapi, yuko na nani, na mwenyeji wake ana hali gani.

Zile ishara zenye mkia wa mafuta nazo zina sura mbili. Moja maarufu hutoka kwa Pseudomonas aeruginosa, bakteria msumbufu wa hospitali. Ikiwa nyingi huvuruga kinga, lakini maabara imeonekana pia kuua seli za saratani ya matiti. Nyingine, inayofanana nayo sana, ilikutwa na watafiti wa Paris kwenye kinyesi cha binadamu. Hiyo ilipungua kwa watu wenye ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo (yaani utumbo kuvimba na kuwasha kwa muda mrefu, si uvimbe wa saratani), na kwenye seli ilituliza uvimbe badala ya kuuchochea. Uvimbe wa namna hiyo ukidumu miaka mingi huongeza hatari ya saratani, kwa hiyo huenda ishara hii ni mojawapo ya vitu vinavyotulinda. Kuhusu AI-2, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta kiwango chake kimepanda kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo, na kikihusiana na mabadiliko kwenye seli za kinga zilizo ndani ya uvimbe. Lakini kiwango kupanda pale penye saratani hakisemi kipi kilitangulia.

Na suala la kipi kilitangulia si dogo. Ninao mfano mmoja ninaoupenda. Madaktari wamejua kwa miongo mingi kwamba mgonjwa akikutwa na Streptococcus gallolyticus kwenye damu au kwenye vali za moyo, apimwe utumbo mpana, kwa sababu mara nyingi hukutwa na uvimbe huko. Watu walidhani bakteria ndiye chanzo. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Pasteur walionyesha kwa panya upande wa pili wa habari: uvimbe hubadili kiwango cha asidi za nyongo ndani ya utumbo, na asidi hizo huipa nguvu silaha ya Streptococcus huyu, sumu anayotumia kuwaua jirani zake wa jamii ya Enterococcus. Jirani wakifa, yeye anapata nafasi. Saratani ndiyo iliyomfungulia mlango. Kwa hiyo unaposoma kwamba bakteria fulani ni wengi kwa wagonjwa wa saratani, jiulize kwanza kama ni yeye aliyejenga nyumba au ni mpangaji aliyehamia baadaye.

Sasa nije kwenye ushahidi mzito niliokuahidi. Baadhi ya Escherichia coli wana kundi la jeni linalotengeneza sumu iitwayo kolibaktini, iliyogunduliwa mwaka 2006. Sumu hii haitumi ujumbe, inaharibu DNA ya seli yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi, kundi la Hans Clevers, waliotesha vijiutumbo vidogo vya binadamu maabara na kuviweka pamoja na bakteria hao kwa miezi kadhaa. Waliposoma DNA ya seli hizo walikuta alama ya kipekee ya mabadiliko, kisha wakaikuta alama ile ile kwenye saratani za wagonjwa halisi. Mwaka 2025 timu iliyoongozwa na Ludmil Alexandrov wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilisoma jenomu, yaani DNA yote, za saratani 981 za utumbo kutoka nchi 11. Alama za kolibaktini zilikuwa nyingi mara 3.3 kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70, na zinaonekana kuchapwa mapema sana, labda utotoni. Huu ni ushahidi wa daraja jingine kabisa, kwa sababu bakteria ameacha alama ya mkono wake ndani ya seli iliyogeuka saratani.

Wa pili ni Fusobacterium nucleatum, mkazi wa kinywani. Tangu mwaka 2012 amekuwa akikutwa ndani ya uvimbe wa utumbo. Hujishikiza kwenye sukari fulani ambayo seli za saratani huwa nayo kwa wingi, na mwaka 2017 alikutwa hata kwenye ini, mahali saratani iliposambaa, akiwa amesafiri pamoja nayo. Mwaka 2024 ilibainika kwamba tawi moja tu la kabila lake ndilo linalotawala kwenye uvimbe.

Kati ya sumu na ishara upo ule utando wa kunata niliousema mwanzoni, na nadhani hapo ndipo mazungumzo ya bakteria yatakuja kuonekana kuwa na uzito. Ute wa utumbo mpana una tabaka mbili, na ile ya ndani, iliyogusana na seli zetu, kwa mtu mzima wa afya karibu haina bakteria. Watafiti wa Johns Hopkins walionyesha mwaka 2014 kwamba kwenye sehemu kubwa ya saratani za upande wa kulia wa utumbo mpana, bakteria wameivuka tabaka hiyo na kutandaza utando juu ya seli. Upande wa kushoto hilo ni nadra. Utando kama huo huhitaji bakteria waelewane, na ishara za akidi ni sehemu ya maelewano hayo. Umbali ukishafutika, sumu na ishara zote hufika kwenye seli zikiwa bado kali. Ndiyo sababu wapo watafiti wanaotafuta dawa za kuzima ishara bila kuwaua bakteria. Kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo, dawa ya namna hiyo bado haipo.

Umeuliza kama bakteria ndio waliomletea mzee ugonjwa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza na kinyama kidogo, na hadi kigeuke saratani kwa kawaida hupita miaka kumi au zaidi, jeni moja ikiharibika baada ya nyingine. Umri, urithi, uzito, pombe, tumbaku, nyama za kusindikwa, na ndiyo, pengine bakteria, vyote huchangia kwa viwango ambavyo kwa mtu mmoja mmoja havipimiki. Hakuna kosa alilofanya mzee, wala ninyi, ambalo unaweza kulinyooshea kidole.

Antibiotiki: tafadhali msimpe kwa uamuzi wenu. Najua wazo lilikotoka. Katika utafiti ule wa mwaka 2017, panya waliobeba uvimbe wenye Fusobacterium walipewa metronidazo na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Lakini antibiotiki hupiga ovyo. Huua pia wale wanaotengeneza butireti, asidi fupi ya mafuta ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana na ambayo maabara huzizuia seli za saratani kuongezeka. Kwa wagonjwa wanaopata tiba ya kuamsha kinga, waliotumia antibiotiki karibu na kuanza tiba wameonekana mara kwa mara kupata matokeo mabaya zaidi. Timu ya upasuaji huenda ikampa antibiotiki kabla ya operesheni ili kidonda kisipate maambukizi. Hiyo ni sawa, ina sababu yake na muda wake, msiikatae.

Vidonge vya bakteria wazuri: ningeiweka hiyo pesa kando. Kwa wagonjwa wa melanoma, utafiti wa mwaka 2021 ulikuta kwamba waliokula nyuzinyuzi za kutosha walifaidika zaidi na tiba ya kinga, ilhali panya waliopewa probiotiki za dukani tiba iliwasaidia kidogo kuliko wenzao. Mzee ana saratani nyingine, sidai matokeo yatakuwa yale yale kwake. Kinachonipa tahadhari zaidi ni kwamba akianza kemotherapi seli nyeupe za damu zinaweza kushuka, na wapo wagonjwa wa hali hiyo ambao bakteria wa kwenye vidonge waliingia kwenye damu yao. Kama tayari anavitumia, mwambieni daktari wake. Nyuzinyuzi kutoka kwenye kunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa ni njia bora ya kuwalisha watengenezaji wa butireti, ila wiki za mwanzo baada ya upasuaji, au kama uvimbe umebana njia, atahitaji chakula laini. Fuateni maelekezo ya hospitali.

Nguvu mliyokuwa mnaiweka kwenye bakteria iwekeni kwenye maswali mawili. La kwanza, muulizeni daktari kama kipande cha uvimbe kimepimwa, au kitapimwa, uwezo wa seli kurekebisha makosa ya DNA. Uvimbe wenye hitilafu hiyo huitikia vizuri tiba ya kuamsha kinga, na wakati mwingine hitilafu hiyo ni ya kurithi, jambo linalowahusu ninyi watoto. La pili ni lako na ndugu zako. Mzazi akigundulika akiwa na miaka 61, hatari yenu imepanda kuliko ya watu wengine. Miongozo mingi humtaka mtoto wa mgonjwa aanze kupimwa utumbo mpana afikapo miaka 40, au, ikiwa mzazi aliugua akiwa kijana zaidi, miaka kumi kabla ya umri ule endapo hiyo inatangulia miaka 40. Kwa kolonoskopia, yaani kamera ndogo inayoingizwa ndani ya utumbo mpana, daktari hukiona kile kinyama kidogo na kukikata hapo hapo, kabla hakijawa kitu. Kama hitilafu ya kurithi itathibitika, mtaanza mapema kuliko hapo na mtapimwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo jibu la swali la kwanza lipatikane kabla hamjapanga tarehe za la pili.